Fishi ya 187 Haifunguki

Kasongo, tarehe 9 Septemba 2022

Mujomba Célestin,

Nakusalimia kwa heshima na mapendo, wewe, Mama Véronique bibi yako, na nyumba yote. Sisi huku tuko wazima. Esther-Divine wangu ameanza kutembea. Juzi alitia mukono ndani ya pilipili, kiisha akajipanguza macho, tukakimbia naye ku maji, yeye analia, na mimi nalia. Mama yangu anasema nini? Umuambie kitenge chake bado kiko ku mushonaji, asifikiri nimemusahau.

Mujomba, nina habari ya furaha. Ile kazi tulifanya pamoja mwezi wa nane, kupiga picha fishi zote mia tatu na kumi na mbili, zile karatasi za mipaka ya mashamba ya koperative yenu, imeisha. Zote zimepanda. Najua utaniuliza zimepanda wapi, kwa hiyo nakueleza tena polepole. Hapa ku biro ya muungano tulikuwa na mashini kubwa ya kuweka habari za koperative zote. Ilitaka grupu ya umeme iwake asubuhi mupaka jioni, inakunywa mazuti, inatupigia kelele, inatutolea moshi ndani ya pua. Sasa habari zetu zinakaa ndani ya mashini za watu wengine, mbali sana. Wanaita klaudi, maana yake wingu. Kule mashini moja inatumikia biro elfu, kuliko kila biro kuwasha yake na kuiacha inaunguruma bure nusu ya siku. Grupu yetu tumeizima kabisa. Unasikia ndege hapa biro, Mujomba!

Na si mambo ya kujionyesha. Wanunuzi wa mupunga siku hizi wanauliza mbele ya yote: biashara yenu inaharibu mazingira ao hapana? Tena kuna wafadhili wanataka kuchagua muungano moja tu, ule unafanya kazi bila mazuti na bila karatasi. Utakaochaguliwa utapewa mashini ya kukoboa mupunga, ya kutumia jua, na sisi tukiipata tutaileta Kabambare. Fikiria mikono ya Mama na ule muchi wake. Mimi nafikiria kila siku.

Kwa hiyo zile fishi za karatasi lazima zitoke ndani ya kabati yako mbele ya mwisho wa mwezi. Usizichome, moshi nao unahesabiwa. Tafuta namna zitumike tena. Na kila Ijumaa unitumie ripoti ku telefone: biro yako imetumia litre ngapi za mazuti.

Mupwa wako,
Aurélie


Kabambare, tarehe 4 Oktoba 2022

Mupwa wangu Aurélie, Madame wa mawingu,

Tumsifu Yesu Kristu. Barua yako ilifika na Faradji, motari wetu wa pikipiki, siku kumi na sita nyuma ya wewe kuiandika. Faradji anasema njia si njia tena. Tuko wazima. Véronique anakusalimia, na anauliza mutoto alioshwa macho na maziwa ao na maji, sababu maji yanazidisha. Mama yako alicheka sana habari ya pilipili. Anasema na wewe ulifanya vile vile, na ulikuwa mukubwa kuliko Esther-Divine.

Nimefanya namna ulisema. Sitakuficha, iliniuma. Miaka ishirini na mbili nilichora ile mipaka kwa mukono wangu: kijito kwa kalamu ya bluu, miti kwa kijani, alama ya kidole cha mwenye shamba chini, vidole vya majirani pembeni. Wewe unajua desturi yetu. Tunatembea ku mupaka na majirani wote, kiisha mwenye shamba anachinja kuku, tunakula pale pale, na jirani ambaye hajakula hatii kidole. Kuna fishi zinanuka kuku mupaka leo! Lakini mutoto niliyemulea ameniambia zote zimepanda, na watu hapa wananisikia kila siku nikisema mupwa wangu anafanya kazi na mashini. Basi nilizipeleka ku soko kwa Mama Yvette, ule anauza kalanga, afungie. Alifurahi kabisa. Karatasi nzito, anasema, haipitishi mafuta.

Sasa tuzungumze habari ya Ijumaa. Antena ya hapa ni bubu toka mwezi wa nane. Unajua inangoja nini? Inangoja mazuti! Kwa hiyo, kwa kupata rezo ya telefone, napanda pikipiki ya Faradji kilometa kumi na nane mupaka juu ya kilima, nasimama ku jiwe moja, nanyoosha mukono kama mutu anayeomba mvua, natuma neno moja: sufuri. Kiisha kilometa kumi na nane za kurudi. Kwa Ijumaa moja tu tumechoma esansi kuliko ile taa yangu ya biro ilichoma mwezi muzima. Niiandike wapi? Ku ripoti yako sioni mahali.

Mujomba wako,
Célestin


Kasongo, tarehe 29 Oktoba 2022

Mujomba,

Salamu nyingi kwa nyumba yote. Mutoto alikuwa na homa, sasa amepona. Nimetuma kitenge cha Mama kwa mikono ya Faradji, kiangalie vizuri kama hakikuloa.

Esansi ya pikipiki usiiandike. Fomu ya wafadhili inauliza biro, haiulizi njia. Nakuomba, Mujomba, usinichekelee. Tumebaki miungano miwili tu, sisi na ingine, na wakaguzi wanakuja mwezi wa kwanza. Roger, mukubwa wangu wa biro, ananiangalia mimi tu. Nikikosea hapa, hakuna tena mwanamuke wa Kabambare atakayepewa kiti ndani ya hii biro. Endelea kutuma sufuri.

Asante kwa habari ya karatasi na kalanga. Nimeiandika ndani ya ripoti, kwa Kifaransa inapendeza sana.

Aurélie


Kabambare, tarehe 26 Novemba 2022

Mupwa wangu,

Nakusalimia. Mvua inanyesha vizuri, mupunga umesimama. Véronique anaumwa jino, hasemi na mutu, nyumba imekuwa kimya, Mungu anisamehe. Mama yako eko muzima kiasi. Kitenge kilifika, kimemupendeza.

Nina ombi moja tu. Fungua hilo wingu, utoe fishi ya 187, uichapishe, umupe Faradji aniletee. Ni ya mujane moja mwenye shamba la mupunga bondeni. Jirani yake ngambo ya kijito ni Moustapha, unamujua, ule wa baiskeli nyekundu, anayepakana na watu wengi. Moustapha ameachia shamba lake kwa mufanyabiashara wa zahabu wa Salamabila, jina lake Serge. Sasa wachimbaji wa Serge wamevuka kijito. Wanasema shamba walilopewa linafika mupaka ku migazi, ile miti ya mawese, maana yake bonde lote la mujane ni lao. Moustapha anaulizwa, anaangalia viatu vyake.

Mujane alienda kwa shefu. Shefu akasema, Serge ana karatasi aliyoandikiana na Moustapha, wewe yako iko wapi? Mujane akanielekezea mimi kidole mbele ya watu. Nikajibu kwa kifua kikubwa: iko salama, itafika. Basi ifike. Kila siku wanachimba.

Célestin


Kasongo, tarehe 18 Desemba 2022

Mujomba mupendwa,

Noeli njema kwa wote. Nimetuma sabuni tatu, mikebe ya samaki, na viatu vya kanisa kwa Mama. Mumupigie makofi akivaa, atasikia haya lakini atafurahi.

Juu ya fishi ya 187: bado haifunguki. Rezo ya hapa iko dhaifu mwezi huu, na mashini inafungua polepole sana. Naomba muvumilie mupaka wakaguzi wapite, tarehe 20 mwezi wa kwanza, kiisha nitakaa chini niitafute vizuri. Huyo mujane ni nani? Si Mama Marie wa karibu ya shule? Umupe pole yangu. Umuambie muungano haumusahau.

Hapa kazi ni nyingi, silali vizuri. Tuombeane.

Aurélie


Kabambare, tarehe 12 Januari 2023

Aurélie,

Leo salamu ni fupi: tuko hai.

Pole yako umupe mwenyewe. Huyo mujane ni Emmanuella, dada yangu, mama aliyekuzaa. Shamba ni lile ulikuwa unafukuzia ndege ukiwa mutoto. Alinikataza kukuambia. Alisema, mutoto akisikia ataacha kazi atakuja kulia hapa, na kulia hakuzuii mutu kuchimba. Niliheshimu neno lake karibu miezi miwili. Sasa siliheshimu tena.

Wametoboa mashimo tisa ndani ya mupunga wenye mimba. Tisa! Mama yako anaenda kila asubuhi, anasimama kati ya shamba na yale makapi ya mawe, anawaambia mutoke, wanamujibu shikamoo mama, wanaendelea kuchimba. Alivaa viatu vyako vya Noeli mara moja, akaenda navyo pale ili wamuone kuwa ni mutu mwenye watoto. Vimeharibika.

Na mimi unajua ninafanya nini? Kila siku naenda kwa Yvette, nanunua kalanga, namwaga kalanga, nasoma karatasi. Mimi, sekretere wa koperative! Nimepata fishi tano. Moja ni ya marehemu Zuberi, kidole chake kinaonekana safi kabisa, na Zuberi hagombani na mutu toka tumuzike. Tumbo limenivimba. Soko lote linaniita Bwana Kalanga. Yvette amenisaidia kuulizia kwa wateja wake, lakini mutu akimaliza kula anatupa, ao anawashia makala. Sina hasira na yeye, nilimupelekea kwa mikono yangu mwenyewe, na kicheko juu.

Sasa uniambie kwa lugha ya nyumbani, uache ile ya biro. Kitu kisichofungulika karibu miezi miwili, kiko ao hakiko? Barza mbele ya shefu ni tarehe 20 Februari. Nyuma ya pale hakuna barza ingine.

Célestin


Kasongo, tarehe 31 Januari 2023

Mujomba,

Nimeandika salamu mara tatu, nimepasua mara tatu. Mutoto ni muzima. Mimi siko muzima.

Hakiko.

Picha zilizopanda ni mia mbili na ine. Zingine mia moja na nane hazikupanda, na ya Mama ni moja kati ya hizo. Mwezi ule rezo ilikuwa inakuja kidogo na kuondoka, picha moja ilichukua nusu ya saa, na kesho yake ilikuwa siku ya mwisho. Ku fomu ya wafadhili mulikuwa majibu mawili: «yote» ao «bado». Nikatia alama ku «yote». Nikajiambia nitamalizia wiki inayofuata. Wiki ile tableti tuliyopigia picha ikapelekwa kwa koperative ingine, na wao wakafuta yote ndani yake mbele ya mimi kutoa picha. Nilijua toka Oktoba kwamba zimepotea. Ile barua yako ya kalanga nilipoisoma, karatasi zilikuwa zimekwisha kwenda soko, nikaona heri ninyamaze. Na ulipoandika namba 187 nilijua ile siku ile ile kwamba haiko. Nikakuandikia juu ya rezo. Nikatuma sabuni.

Usiwaambie watu kwamba klaudi ni uongo. Ilishika kila kitu nilichoipa. Mimi njo sikuipa.

Nilipopata barua yako nilikaa siku mbili nafungua zile mia mbili na ine, moja moja. Nikafika ku fishi ya 96. Ni ya Moustapha, Mujomba! Ulichora wewe mwenyewe: shamba lake linafika ku kijito, halivuki. Ngambo ya pili umeandika jina la Mama. Kidole cha Moustapha kiko chini, kidole cha Mama kiko pembeni, cha jirani. Nimeichapisha, iko ndani ya bahasha hii, imefungwa ndani ya plastiki mara mbili.

Lakini Roger anasema karatasi peke yake haina nguvu, Serge atasema tumeitunga hapa Kasongo. Inataka barua ya muungano, inayoeleza fishi zenyewe ziko wapi na juu ya nini fishi ya Emmanuella haionekani. Na barua hiyo ikitoka, wafadhili watajua alama yangu ilikuwa ya uongo. Wakaguzi walipita tarehe 20 na walitusifu. Mashini ya kukoboa imebaki sahihi tu. Roger aliniomba ningoje mupaka mwezi wa ine. Nikamuambia barza ni mwezi wa pili. Akaniambia, Aurélie, wamama wangapi watapata ile mashini, na wewe unafikiria moja?

Nimeandika barua ile. Jina langu lote, nilifanya nini na siku gani. Muhuri unakaa ndani ya meza yangu, niliupiga mwenyewe, kiisha nikapeleka kopi ku meza ya Roger na kusimama mbele yake mupaka aliposoma yote. Hakunitukana. Alizima feni, akatoka.

Umusomee Mama barua hii. Usiruke kitu.

Aurélie


Kabambare, tarehe 8 Machi 2023

Mupwa wangu Aurélie,

Tumsifu Yesu Kristu. Tuko wazima. Jino la Véronique lilingolewa, sasa anasema ya miezi mine yote kwa mara moja. Mama yako anakusalimia. Nilimusomea barua yako, sikuruka. Alisikiliza mupaka mwisho, akaniomba nirudilie pale mahali pa «nilijua toka Oktoba». Nilirudilia. Kiisha akaenda kuteka maji.

Bahasha ilifika siku tatu mbele ya barza. Faradji alivuka muto na bahasha juu ya kichwa, umushukuru. Siku ya barza barua yako ilisomwa kwa sauti. Watu walipiga kelele waliposikia karatasi za mipaka yao zimefungiwa kalanga. Amuri alisimama akaniuliza, na ya kwangu Célestin? Nikasema yako iko, ni ya 41, niliipata kwa Yvette. Mwingine akauliza, na ya kwangu? Na mwingine. Nilitukanwa na watu niliokula kuku zao. Walikuwa na haki.

Serge alisema namna ulivyofikiri: picha imetungwa. Shefu akamuita Moustapha, akatia fishi mbele yake. Moustapha aliikaribisha ku macho. Akasema, kidole ni changu. Akaulizwa, na mupaka? Akasema, ku kijito. Akaanza kulia, mutu muzima. Shefu akakata neno pale pale: mupaka ni kijito, Serge atoke ndani ya wiki moja. Wametoka.

Basi tulienda kuona, mama yako, mimi, na wazee wawili. Mashimo ni thelathini na moja. Udongo muzuri wameuzika chini, wameleta juu muchanga na mawe. Kijito kimeingia ndani ya mashimo, maji ni mekundu, na mahali kilikuwa kinapita pamekauka. Nilileta kalamu na karatasi nichore upya, nikasimama pale sikujua nianzie wapi. Mupaka tumeupata, Aurélie. Shamba haliko.

Nimesikia mashini ya kukoboa imeenda kwa wengine. Nilimuambia mama yako, nikifikiri atasikitika. Aliniuliza, ningekoboa nini?

Nilikaa chini mara nyingi nikutukane ndani ya barua hii. Kila mara nilianza na wewe, nikamaliza na mimi, sababu wewe ulitia alama moja, lakini mimi nilibeba mafungu matatu ya karatasi ku kichwa mupaka soko, na sikufungua hata moja kutafuta jina la dada yangu. Kazi yako sijui kama bado unayo. Hukuandika, na mimi siulizi. Kama huna, njia ya huku unaijua, na mutoto ahamie kwetu ajifunze Kibangubangu.

Kuna jambo moja la kujibu. Shefu alimupa mama yako karatasi mupya, na sahihi, na muhuri. Ameikunja mara ine, ameifunga ndani ya kitambaa, anazunguka nayo: ku muto, ku kanisa, jikoni. Jana ilikaribia kuangukia ndani ya chungu cha sombe. Akaja biro, akasimama mbele ya kabati yangu tupu, akaniuliza, Célestin, hii niiweke wapi? Nikamuambia nitamuuliza Aurélie.

Sasa nakuuliza. Faradji atarudi huku na jibu lako, na mama yako anangoja.

Mujomba wako,
Célestin